Kuiandaa Dabo Besi kwa Mwanafunzi Anayeanza

Mwanafunzi wa taarab aliyekuwa na wiki tatu tu za mafunzo aliniletea dabo besi yake, ile ala kubwa ya nyuzi nne inayopigwa ikiwa imesimama, hapa Mji Mkongwe, Unguja, akiwa na malengelenge kwenye vidole viwili vya mkono wa kushoto, akaniomba nimwambie ukweli kama ala hii inamfaa au arudi kwenye udi. Sikumjibu papo hapo. Nilichukua rula ya chuma, nikaisimamisha juu ya ubao wa vidole pale unapoishia, nikasoma: uzi wa E, ule mnene kuliko yote, ulikuwa umeinuka milimita 14 kutoka kwenye ubao, na uzi wa G, ule mwembamba kuliko yote, milimita 10. Kwa vipimo hivyo hata mpigaji wa miaka ishirini angechoka kabla ya wimbo wa kwanza kwisha. Nilizishusha nyuzi, nikakirekebisha kizingiti cha juu, kile kipande kidogo kinachozipokea nyuzi karibu na vigingi, nikamrudishia ala yake, na wiki iliyofuata alikuwa akifanya mazoezi nusu saa nzima bila kusimama ili apulize vidole.

Nimeliona jambo hili mara nyingi, hata sasa naamini kwamba wengi wanaoiacha besi hawakushindwa na muziki, bali walishindwa na ala ambayo hakuna aliyeiandaa. Mpigaji mzoefu huweza kuivumilia besi mbaya kwa sababu anaijua sauti anayoitafuta, na anajua kosa liko kwenye mti wala haliko mkononi mwake. Anayeanza hana kipimo hicho, kwa hiyo kila ugumu anaoukuta huuhesabu kuwa ni upungufu wake. Ndiyo sababu besi ya mwanafunzi inastahili kuandaliwa kwa uangalifu mkubwa zaidi kuliko hata besi ya mwalimu. Maelezo haya nimeyaandika kwa mwalimu, mzazi, kiongozi wa kikundi, au mwanafunzi mwenyewe aliye na subira na mkono usiotetemeka, na kila nitakapofika kwenye kazi inayomhitaji fundi nitasema wazi kwamba hapo apewe fundi.

Kwanza, mwili wa ala

Besi inayotumiwa na watu wazima karibu kote duniani ni ile inayoitwa ya robo tatu, na neno hilo limewapotosha wazazi wengi wakidhani ni ala ya mtoto. Siyo. Urefu wa uzi wake, kutoka kizingiti cha juu hadi kwenye daraja, yaani kipande cha mbao kinachozibeba nyuzi katikati ya ala, ni kama sentimita 104 hadi 106, na mtu mzima wa kimo cha kawaida huimudu vizuri. Ile inayoitwa kamili ni kubwa zaidi na haipatikani kwa wingi hata katika okestra za Ulaya. Mtoto wa miaka 11 au 12 mwenye mikono mifupi ndiye atafutiwe ya nusu, kwa sababu akilazimishwa ile kubwa atajifunza kukunja kiwiko na bega kwa namna itakayomsumbua baadaye.

Kwa mwambao wetu napendekeza bila kusitasita besi ya plaiwudi kwa anayeanza. Besi iliyochongwa kwa mbao nzima ina sauti pana na yenye kina, lakini uso wake hutanuka na kusinyaa kwa unyevu, na ikihama kutoka Unguja kwenda Dodoma au Nairobi, ambako hewa ni kavu zaidi, huweza kupasuka kufuata nyuzinyuzi za mbao. Plaiwudi, ambayo tabaka zake zimepishana, haifanyi hivyo kwa urahisi. Pia huvumilia kugongwa na mlango wa daladala, na besi ya mwanafunzi itagongwa.

Kabla ya kupima chochote, zunguka mwili mzima wa besi ukiugonga polepole kwa fundo la kidole pale uso, yaani ubao wa mbele, unapokutana na mbavu za pembeni, kisha pale mgongo unapokutana na mbavu, kila baada ya sentimita tatu au nne. Mahali palipo sawa patatoa sauti ngumu na fupi; mahali ambapo gundi imeachia patatoa sauti ya kulegea, kama ya kopo lililopasuka. Gundi ya asili inayotumika kwenye ala hizi hutengenezwa kwa ngozi za wanyama, nayo hulainika kwa joto na unyevu, jambo ambalo si baya kwa fundi kwa kuwa humwezesha kuifungua ala bila kuivunja, lakini lina maana kwamba ala iliyotoka nchi ya baridi na kukaa miezi michache Forodhani huweza kuachia mshono mahali pasipoonekana kwa macho. Mshono ulioachia hufanya besi itoe mlio wa nyuki, na mtu asiyejua atahangaika na nyuzi na daraja wiki nzima akitafuta ugonjwa usiokuwepo huko. Ukiukuta mshono wazi, usitie gundi ya dukani inayokauka kwa sekunde, kwa sababu anayekuja nyuma yako hataweza kuufungua tena bila kuchana mbao. Mpe fundi.

Nguzo isiyoonekana

Ndani ya besi kuna kijiti cha mviringo, unene wake ni kama kidole gumba, kilichosimama kati ya uso na mgongo bila gundi wala msumari. Nitakiita nguzo ya sauti. Wafaransa na Wataliano huita roho, na sioni kuwa wametia chumvi, kwa maana besi isiyo na nguzo hiyo hubaki sanduku lenye sauti ya mbali. Nguzo hii husimama nyuma kidogo ya mguu wa daraja ulio upande wa uzi wa G, kwa kawaida sentimita moja hadi mbili kutoka ukingo wa mguu kuelekea chini. Upande wa pili, chini ya mguu ulio upande wa E, kuna boriti ndefu iliyogundishwa kwa ndani kwenye uso, na hiyo haihitaji kazi yako.

Chungulia kupitia tundu lenye umbo la herufi f, kwa tochi na kioo kidogo cha kujitazamia, uone kama nguzo imesimama wima na kama ncha zake zimekaa bapa juu na chini bila mwanya. Ikiwa imelala upande au imeanguka, usizikaze nyuzi hata kidogo, kwa sababu uzito wa daraja utaukandamiza uso usio na wa kuubeba. Kuisimamisha upya kunahitaji chuma maalumu chenye umbo la S na mazoezi ya muda mrefu, hivyo hapo pia ni kazi ya fundi.

Kilicho mikononi mwako ni kutokuiangusha. Nguzo hushikiliwa na mgandamizo wa nyuzi peke yake, na nyuzi nne za chuma zikiwa zimekazwa huvuta kwa nguvu inayozidi kilo mia moja. Ukizilegeza zote kwa pamoja, uso huinuka, nguzo huachia, na utaisikia ikigonga ndani. Mimi niliisikia mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii, nilipozivua nyuzi zote nne ili nisafishe ubao, na besi ile ilikaa kimya siku kumi ikimngoja mtu mwenye chuma cha kuisimamishia, huku kikundi kikiwa na harusi mbili za kupigia. Tangu hapo sijawahi kuvua zaidi ya uzi mmoja kwa wakati mmoja, isipokuwa pale ninapokuwa na chuma hicho mkononi.

Daraja, ambapo kazi kubwa ipo

Daraja ni kile kipande cha mbao kinachosimama katikati ya uso na kuzibeba nyuzi. Halikugundishwa, limesimama kwa miguu miwili. Mahali pake huonyeshwa na vikato vidogo vilivyo ndani ya matundu ya f: ukichora mstari wa kufikirika kutoka kikato kimoja hadi kingine, mstari huo upite katikati ya unene wa miguu ya daraja. Kisha tazama kutoka juu, upande wa kichwa, uone kama nyuzi zinapita sawa juu ya ubao, uzi wa E na uzi wa G zikiwa na umbali uleule kutoka kingo zao. Daraja likisogea kushoto au kulia hata nusu sentimita, uzi mmoja utakuwa unateleza nje ya ubao kila mwanafunzi anapoubonyeza.

Baada ya hapo litazame kwa ubavu. Upande wa daraja unaoelekea chini, kwenye kishikilia nyuzi, unapaswa kusimama wima kabisa juu ya uso wa besi. Kona ya kitabu chenye jalada gumu inatosha kuwa kipimo: iweke kwenye uso, isogeze hadi iguse mgongo wa daraja, na pasiwe na mwanya juu wala chini. Kila mara unapozikaza nyuzi, zinalivuta daraja kuelekea kichwani, na daraja lililoachwa limeinama kwa miezi hujikunja kama upinde na halirudi tena. Kulinyoosha, laza besi chali juu ya godoro, legeza nyuzi kidogo tu, shika sehemu ya juu ya daraja kwa mikono miwili huku vidole gumba vikiwa upande mmoja na vidole vingine upande wa pili, kisha livute polepole hadi lisimame. Weka blanketi lililokunjwa chini ya kishikilia nyuzi wakati wa kazi hii, ili daraja likiponyoka kishikilia hicho kisiupige uso.

Miguu nayo iguse uso kote. Jaribu kupitisha karatasi nyembamba chini ya kila mguu, pande zote nne. Ikipita mahali, mguu haujakaa, na sauti inavuja hapo. Mafundi huuchonga mguu kwa kutumia karatasi ya kaboni: huiweka kwenye uso, hulisugua daraja juu yake, na pale wino unaposhika ndipo palipoinuka panapotakiwa kuondolewa. Ni kazi ya saa kadhaa, ya kukwangua unga kwa unga, na daraja jipya linalonunuliwa dukani huja na miguu mipana isiyolingana na besi yoyote mpaka lifanyiwe hivyo. Muuzaji akisema daraja liko tayari kufungwa, usimwamini.

Sasa urefu wa nyuzi, jambo ambalo mkono wa mwanafunzi hulihisi kabla ya mengine yote. Kipimo huchukuliwa mwisho wa ubao wa vidole, upande wa daraja, kutoka kwenye ubao hadi chini ya uzi. Rula ya shule ina ukingo mtupu kabla ya sifuri. Ama uukate ukingo huo kwa wembe, ama utumie rula ya chuma inayoanza sifuri kwenye ncha yake, la sivyo kipimo chako kitapungua milimita kadhaa na utaipeleka ala kwa mwanafunzi ukiamini umeishusha. Kwa nyuzi za chuma na mwanafunzi anayedonoa kwa vidole, kama ilivyo desturi ya taarab, mimi huweka G milimita 5 hadi 6, D milimita 6 hadi 7, A milimita 7 hadi 8, na E milimita 8 hadi 9. Uzi mnene hutikisika kwa upana zaidi, ndiyo maana E huhitaji nafasi kubwa. Ikiwa mwanafunzi atatumia upinde mara kwa mara, ongeza kama milimita moja kote.

Usishuke chini ya hapo kwa huruma. Nyuzi zilizolala mno hugonga ubao, sauti huwa nyembamba, na mwanafunzi huzoea kudonoa kwa ncha ya kidole kwa woga badala ya kuuvuta uzi kwa ubavu wa kidole. Hili huonekana zaidi kwa vijana waliotoka kwenye kidumbak, ngoma ya Unguja iliyo jamaa ya taarab, ambako kazi ya besi hufanywa na sanduku lenye uzi mmoja na fimbo. Kijana wa sanduku huja na mkono wa kulia wenye nguvu na sikio linalojua mahali pa kupiga, kwa hiyo nyuzi zake naziweka kwenye kipimo cha juu katika vile nilivyotaja, ili nguvu aliyokuja nayo ipate pa kutua.

Njia iliyo bora ya kubadilisha urefu ni magurudumu madogo ya alumini au ya mbao yanayofungwa ndani ya miguu ya daraja, yanayopanda na kushuka kwa kuzungushwa. Ikiwa daraja lako halina, mlipe fundi ayaweke, na kama bajeti inaruhusu jambo moja tu katika makala haya yote, liwe hilo. Sababu yake ni hewa yetu. Wakati wa masika mbao za uso hunywa unyevu, uso hutuna, na daraja hupanda pamoja nao. Kaskazi ikivuma na siku zikawa kavu, uso hushuka. Besi ya mbao nzima huweza kubadilika milimita moja au mbili kati ya misimu, na mwanafunzi atasema besi imekuwa nzito bila kujua sababu. Penye magurudumu, hilo ni jambo la dakika tano: legeza nyuzi kidogo, zungusha magurudumu yote mawili kwa kiasi kilekile, hakikisha daraja bado limesimama wima, kisha kaza. Pasipokuwa na magurudumu, njia ni kukata kichwa cha daraja kwa msumeno mwembamba na tupa, na kilichokatwa hakirudi msimu unapogeuka.

Ikiwa itakubidi kuchonga vijia vya nyuzi juu ya daraja, kila kijia kiwe na mviringo laini unaolingana na unene wa uzi wake, na kina chake kisizidi nusu ya unene huo. Kijia chenye kina kirefu huubana uzi na kuunyamazisha. Pitisha ncha ya penseli laini ndani ya kila kijia; unga wake mweusi huuwezesha uzi kuteleza unapokazwa, na daraja halitavutwa sana.

Ubao wa vidole na kizingiti cha juu

Ubao wa vidole ukiutazama kutoka mwisho wake kuelekea kichwani, kwa jicho moja, hautakiwi kuwa umenyooka kama rula. Unapaswa kuwa na bonde dogo katikati. Ubonyeze uzi wa G kwenye ncha zote mbili za ubao kwa wakati mmoja, ukisaidiwa na mtu, na utazame mwanya uliobaki katikati: karibu milimita moja na nusu inafaa, na chini ya E inaweza kufika mbili. Pasipokuwa na bonde kabisa, au palipo na kilima, nyuzi zitagonga na kulia hata ukiziinua. Bonde likizidi milimita nne, mwanafunzi atabonyeza kwa shida katikati ya ubao hata kama vipimo vya mwisho wa ubao ni sahihi. Kuuranda ubao ni kazi ya fundi mwenye randa kali na uzoefu wa umbo lake la mviringo. Seremala wa milango, hata awe hodari namna gani, asipewe kazi hiyo. Tazama pia kama ubao ni wa abunusi ya kweli au ni mbao nyeupe iliyopakwa rangi nyeusi, kwa kuwa ile ya rangi hulika upesi chini ya nyuzi za chuma na kuacha mifereji.

Kizingiti cha juu ni kile kipande kidogo kigumu kinachozipokea nyuzi kabla hazijaingia kwenye vigingi. Watu wengi hushughulika na daraja na kukisahau, ilhali siku zote za mwanzo mwanafunzi huishi hapo karibu: sauti za mwanzo kabisa anazofundishwa, F kwenye uzi wa E na B bemoli kwenye uzi wa A, ziko nusu hatua tu kutoka kwenye kizingiti, na mahali hapo urefu wa daraja hausaidii kitu. Kizingiti kikiwa kirefu, kidole cha kwanza hubonyeza kama kinafungua chupa, na sauti hupanda juu ya kipimo chake kwa sababu uzi umevutwa.

Kipimo chake ni rahisi. Pitisha kadi ya biashara chini ya uzi pale unapotoka kwenye kizingiti. Ipite ikiugusa uzi kwa mbali. Huo ni kama nusu milimita. Kadi tatu au nne zikipita pamoja, kijia kinahitaji kushushwa kwa tupa ndogo ya mviringo, kikielekezwa chini kidogo upande wa vigingi ili uzi uuguse ukingo wa mbele kwanza. Vuta tupa mara tatu, rudisha uzi, kaza, pima. Vuta tena mara tatu. Haraka ya dakika moja hapa hugharimu kizingiti kizima, kwa maana uzi ulioshuka mno hulia ukiachwa wazi. Ikitokea, kizingiti kipya huchongwa, na kwetu tuna bahati: kipande cha mpingo, mti huohuo wa kusini mwa Tanzania unaotengenezewa klarineti duniani, ni kigumu na hushika ukingo vizuri sana. Masalio ya wachonga vinyago yanatosha.

Nyuzi

Besi ya mwanafunzi mara nyingi huja na nyuzi alizoziacha mwenye nayo wa kwanza, zilizoshika kutu ya hewa ya bahari na kukwaruza vidole. Zibadilishe. Nyuzi za chuma ndizo zinazomfaa anayeanza, kwa sababu hazibadiliki sana kwa unyevu na hushika sauti, tofauti na nyuzi za utumbo ambazo mwambao huzichosha kwa wiki chache. Tafuta aina yenye mvutano mdogo. Nyuzi za Spirocore za Thomastik, kwa mfano, huuzwa kwa viwango vitatu vya mvutano vilivyoandikwa kwa Kijerumani, na ile ya Weich, yaani laini, huupunguzia mkono kazi bila kuhitaji mabadiliko mengine. Hakikisha zimeandikwa robo tatu ikiwa besi ni ya robo tatu.

Nyuzi hizi ni ghali, na ninaelewa kishawishi cha kutafuta mbadala. Wanamuziki wa okestra ya Kimbanguisti ya Kinshasa, iliyoanzishwa mwaka 1994, waliwahi kutumia nyaya za breki za baiskeli kwenye fidla walipokosa nyuzi, na ninawaheshimu sana kwa hilo. Lakini walikuwa watu walioazimia, wakifundishana kila siku. Mwanafunzi aliye peke yake nyumbani apewe uzi halisi, hata kama itabidi kununua mmoja mmoja kila mwezi, kuanzia na G na D anazozitumia zaidi.

Badilisha uzi mmoja, ukaze hadi karibu na sauti yake, ndipo uende kwa mwingine. Uzungushe kwenye kigingi ukipanga mizunguko kando kwa kando bila kupandana. Baada ya kila uzi, tazama daraja.

Kuisimamisha mbele ya mpigaji

Chuma cha chini ambacho besi husimamia hurefushwa na kufupishwa kwa skrubu, na kila mwanafunzi awe na kipimo chake. Mwanafunzi asimame wima, besi ikiwa mbele yake imeegemea kidogo mwilini, na kizingiti cha juu kifike usawa wa paji la uso. Mkono wa kulia ukining'inia kwa kawaida na kukunjwa kidogo, ufike mwisho wa ubao bila bega kushuka. Kipimo kikipatikana, zungushia chuma utepe mahali pale, ili asihangaike kila akifika darasani. Ncha iwe na raba nzima. Juu ya vigae, kata kipande cha tairi la baiskeli na ukiweke chini, kwa sababu besi inayoteleza humfanya mwanafunzi aishike shingo kwa mkono wa kushoto badala ya kuubonyeza uzi tu. Hilo nalijaribu kwa njia moja: namwambia aondoe mkono wa kushoto kabisa. Besi ikibaki imeegemea mwilini bila kuanguka, urefu na pembe viko sawa.

Mwisho kaza nyuzi katika sauti zake, E, A, D na G, kutoka ule mnene hadi mwembamba. E ya besi ni hezi 41 tu, yaani mitikisiko 41 kwa sekunde, na programu nyingi za simu haziisikii vizuri. Kipimasauti cha kubana kwenye daraja hukisoma kile kinachotikisika kwenye mbao, nacho ni bora. Kwenye kikundi cha taarab chenye kodiani, fuata kodiani, kwa kuwa sauti zake haziwezi kukazwa wala kulegezwa, na wote wengine humfuata yeye.

Nyuzi mpya zitalegea kwa siku tatu au nne, na kila unapozikaza daraja litavutwa mbele, kwa hiyo mwonyeshe mwanafunzi namna ya kulitazama kwa kona ya kitabu kila siku kabla hajaanza. Andika vipimo vyote vinne vya nyuzi, vya mwisho wa ubao na vya kizingiti, kwenye karatasi, pamoja na tarehe, uibandike ndani ya mfuko wa besi. Vipime tena masika yakianza.